Risala ya Kikundi cha Wafugaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uvunaji wa Malisho, Wilaya ya Siha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Kijiji, Afisa Mifugo wa Kata, wazee wetu, ndugu wafugaji,

Shamba ulilopita ukiingia hapa ni la nyasi za Rhodes. Kabla ya kuzipanda, kila kiangazi tulitegemea mabua ya mahindi na nyasi za kukatwa mbali, mzigo uliowaelemea akina mama. Mvua za vuli za 2021 zilipokosekana, hata mabua hayakupatikana, na ng'ombe wetu wakawa wa kuinuliwa kwa mikono.

Mheshimiwa, nyasi hizi asili yake ni hapa hapa Afrika. Zikishashika hutambaa, na pingili zinazogusa ardhi hutoa mizizi. Ugumu uko mwanzoni. Mbegu ni ndogo, ina manyoya, na upepo huipeperusha. Hivyo tunaichanganya na mchanga mkavu, tunaimwaga kwenye vifereji visivyozidi sentimita 2, kisha tunaburuta tawi juu yake. Anayeifukia kwa kina cha mahindi haioni ikiota.

Lakini lililotugawa zaidi ni siku ya kukata. Wengi walitaka tusubiri shamba lijae. Nyasi zikishakomaa na kutoa mbegu, mashina hukakamaa, protini hushuka, na ng'ombe huyaacha horini. Sasa tunakata zinapoanza kutoa maua, tukiacha visiki vya sentimita 10 zichipue tena. Tunaanika siku 2 hadi 3 huku tukigeuza. Tunasokota mkononi: mashina yakikatika bila kutoa unyevu, tunashindilia kwenye sanduku la mbao na kufunga kwa kamba za katani.

Marobota yaliyo mbele yako yamefunikwa turubai tu, na hapo ndipo tumekwama. Hei, yaani nyasi zilizokaushwa, ikilowa huota ukungu; ikifungwa mbichi hupata joto hata kuweza kuwaka. Kwa kukosa ghala, wenzetu wanauza Julai kwa bei ya kutupa, kisha kiangazi kikikaza wananunua malisho kwa bei ya juu. Inatuuma sana.

Tunaomba mabati na mbao za ghala lenye kichanja. Kiwanja kijiji kimetupa na matofali tumeshafyatua. Pia tunaomba Halmashauri itusaidie kupata mbegu zilizothibitishwa ubora, maana nyingi za mitaani ni makapi matupu.

Baada ya risala hii, karibu ushindilie robota la kwanza pamoja nasi.

Naomba kuwasilisha.