Kikao cha Jumamosi, shairi la fisi

Habari za jioni wapendwa, poleni na majukumu. Jmosi tunakutana ila sio kule Makole tena, mwenye ukumbi kapata shughuli, kwahiyo tutakaa Nyerere Square pale kivulini saa 9 kamili alasiri, na sio saa 9 ya kibongo jamani.

1. Shairi ni lile la mwenzetu aliyekutana na fisi alfajiri akiwahi stendi. Lisomeni kwa sauti, sio kwa macho tu. Cheki huu mshororo, "Fisi kanisimamia, macho yake taa mbili", mizani (yaani silabi) 8 kwa 8, na hajasema macho KAMA taa, kayafanya taa zenyewe, hiyo sitiari ndo inaleta ule ubaridi wa mgongoni. Ila ubeti wa tatu kateleza, "nikasimama kama jiwe", hesabuni kwa vidole ni 9, mi ningeweka "nikaganda kama jiwe", tashbiha, ule mfananisho wa "kama", inabaki na mizani inakaa sawa (mtunzi usininunie, tutabishana hukohuko).

2. Kila mtu aje na mbinu moja aliyoiona, tashihisi (kitu kupewa sifa za mtu), takriri (neno kurudiwarudiwa), tanakali sauti (neno la kuiga mlio), yoyote.

3. Mchango buku tatu, ya fotokopi na maji. Zabibu naleta mwenyewe.

Naomba kila mtu aandike NIPO au SIPO hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, maana fotokopi natoa kwa idadi, na wale wa kuweka dole gumba tu siwahesabu.