Barua kwa mwanangu: nani aanze, na wa pili apewe nini

Mwanangu kipenzi,

Salaam alekum. Natumai u mzima na baridi ya Nairobi haikusumbui. Sisi huku Lamu twashukuru, kaskazi imekolea, nyanyako akusalimu sana na kila akisikia umekesha kwenye kompyuta anauliza kama umekula, na mimi nauliza vilevile.

Voisi yako nimeisikiza yote, nikairudia. Wasema kwenye gemu yenu ya kadi anayeanza anashinda kupita kiasi, na wenzio wamesema dawa ni rahisi, wa pili aongezewe kadi moja mkononi mambo yaishe, gemu iingie Play Store mwezi ujao. Na wewe moyo haujaridhika lakini hujui uwajibu nini. Usikubali mama. Sio kwamba kadi moja ni kitu kibaya, ila hamjajua bado yule wa kwanza anamchukulia mwenzake nini hasa, na kama hamjajua mutalipaje?

Mimi nimeicheza hiyo gemu na mjomba wako na watoto wa hapa nyumbani, simu ikizunguka mpaka chaji inaisha, na ninavyoona mimi anayeanza hachukui kadi, anachukua wakati. Angalia, rupia zenu, zile za kulipia kadi, zinaongezeka moja moja kila zamu, sasa anayeanza ndo anafika mbele siku zote, jahazi la rupia 2 analitoa yeye kwanza, la 3 yeye kwanza, la 4 yeye kwanza, na wa pili kazi yake inakuwa ni kujibu tu, anajibu anajibu mpaka ukuta wa bandari yake umeisha, ameshindwa, na mkononi bado ana kadi nzuri ambazo hakupata nafasi ya kuzitoa. Huyo mtu ukimwongeza kadi ya tano umemsaidia nini? Zilizomshinda kuzitoa zilikuwa nne. Kadi ya ziada inamfaa yule anayecheza polepole, mwenye kadi nzito za mwisho, manake yeye gemu ikirefuka atazitumia zote. Anayepambana na majahazi madogo ya kasi haimfai kitu.

Na tena hilo wazo la wenzio si jipya. Magic: The Gathering, nayo gemu ya kadi, tangu 1993 watu wanacheza, na kule anayeanza haokoti kadi kwenye zamu yake ya kwanza, kwa hivo hesabu ni ileile, wa pili anakuwa na kadi moja zaidi. Na bado wachezaji wazuri wakipewa kuchagua, wengi wanachagua kuanza. Yu-Gi-Oh nao walikuja kumnyima anayeanza kadi ya zamu ya kwanza mwaka 2014, lakini kadi zenyewe zimekuwa na nguvu sana, mtu akianza anajenga meza nzima ya kumzuia mwenzake kabla mwenzake hajagusa kitu, ikabidi watu wajaze deki zao, yale mafungu ya kadi wanayochezea, kadi za kutolea mkononi wakati zamu ni ya adui, ndo wapate kupumua. Hilo liweke akilini kwa sababu nyinyi mwapanga kuongeza kadi mpya kila baada ya muda, mizani mutakayoiweka leo kwa sheria itavunjwa na kadi zenu wenyewe musipoangalia.

Hearthstone ya 2014 mimi naona walifikiria vizuri zaidi. Anayeanza anapewa kadi 3, wa pili 4 pamoja na sarafu, na ile sarafu haina bei, ukiitoa unapata nguvu moja ya kuchezea ya ziada kwa zamu ile tu. Waona hapo, wamemrudishia wakati, sio kadi peke yake, na kubwa zaidi wamemwacha achague mwenyewe lini autumie. Zamu ya pili aruke mpaka kadi ya 3, ama aiweke mpaka mwisho kabisa, shauri yake. Mtu akishindwa baada ya kuchagua mwenyewe hasikii kwamba ameonewa. Ila sarafu nayo ni kadi, kwa hivo deki za Rogue, mmoja wa wahusika wa kule, ambazo kadi zake zinapata nguvu ukishatoa kadi nyingine kwenye zamu hiyohiyo zikawa zinafurahia kuwa wa pili kushinda wengine, msaada umempita mmoja ukamjaa mwengine. Shadowverse, ya Cygames, 2016, wao wamempa wa pili haki ya kukuza kadi zake kuanzia zamu ya 4 na mara 3, anayeanza anangoja zamu ya 5 na ana mara 2 tu, juu yake wa pili anaokota kadi 2 zamu yake ya kwanza. Huo ni msaada unaokuja katikati ya gemu, pale ambapo wa pili ndo anaanza kuzama.

Na kuna gemu ambazo mambo yako kinyume kabisa. Gwent anayemaliza ndo mwenye faida, anaona kila kitu afu anaamua, kwa hivo anayeanza ndo anayepewa kadi maalumu ya kumsaidia. Usidhani wa pili ni mnyonge kila mahali, inategemea gemu yenyewe inalipa nini.

Sasa hesabu zako, hapa nitakuwa mwalimu kidogo univumilie. Umeniambia mumecheza gemu 100 na anayeanza ameshinda 56. Mama, gemu 100 haziwezi kukwambia kitu, bahati peke yake yaweza kukutupa kama 10 kwa kila 100 juu ama chini, yaani ukweli waweza kuwa 46 na waweza kuwa 66. Gemu 2,500 bahati inashuka mpaka kama 2 kwa kila 100. Gemu 10,000 inabaki kama 1. Ukitaka kupunguza hilo kosa kwa nusu wahitaji gemu mara nne, hakuna njia ya mkato. Ndo maana nakwambia muiache kompyuta icheze yenyewe kwa yenyewe usiku kucha mupate picha ya kwanza, lakini musiamini picha hiyo mpaka watu waicheze, manake kompyuta isiyojua lini itumie msaada wake itakwambia msaada hauna maana.

Na hata mukipata 50 kwa 50 usifurahi haraka. Tuseme deki ya majahazi ya kasi ikianza inashinda 60 kwa 100, na deki ya wafanyabiashara, ile ya polepole, ikianza inashinda 40. Ukizichanganya unapata 50 safi, wenzio watapiga makofi, na mtoto aliyeshika simu kule Malindi kila akipangiwa na deki ya kasi inayoanza yeye atajua ameshindwa kabla hajatoa kadi. Kila deki ipewe safu yake, ikianza na isipoanza, dhidi ya kila deki nyingine. Hiyo ndo kazi ambayo wenzio wanaikwepa nakwambia wazi, na ndo kazi yenyewe. Wajapani kwenye Go, mchezo wa ubao na mawe, wamemfidia kwa pointi mwenye mawe meupe kwa sababu mwenye meusi ndo anaanza, na walikuwa wakiangalia kumbukumbu za mechi, mwenye meusi bado anashinda zaidi, wakapandisha fidia, ikafika pointi 5.5, afu 6.5. Wachina wanatumia 7.5. Mchezo wa maelfu ya miaka huo na bado wanarekebisha, sasa nyinyi mwataka kumaliza mwezi ujao?

Nilimuuliza mjomba wako kwa nini pale Mkunguni wanapocheza bao sisikii mtu akigombana juu ya nani aanze. Akaniambia si kesho tutacheza tena, leo waanza wewe kesho naanza mimi. Nikafikiria sana hilo jibu. Barazani watu ni walewale, kete 64 ni zilezile, anayepungukiwa leo atalipwa kesho na mtu huyohuyo. Kwenye simu wapangiwa na mtu usiyemjua, mwacheza mara moja, anapotea, deni lake halilipwi. Kwa hivo kile kinacholipwa barazani kwa siku mbili, nyinyi lazima mukilipe ndani ya gemu moja.

Na njia munayo tayari mezani, ndo nashangaa hamuioni! Pepo zenu. Gemu inaanza kaskazi, mizunguko mitatu ikipita inageuka kusi, na saa hii pepo ikigeuka kinachobadilika ni nguvu za kadi chache tu. Mimi nasema pepo ikigeuka, anayeanza naye ageuke. Legends of Runeterra wamefanya kitu cha jamaa moja, haki ya kushambulia inahama kila mzunguko, leo yako kesho ya mwenzako. Nyinyi haki ya kuanza iende na pepo, na itakuwa ya kwenu kabisa kwa sababu mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba pepo zikibadilika wanaotangulia wanabadilika.

Lakini sikiza vizuri, kuna mtego. Zamu zikienda wa kwanza wa pili, wa kwanza wa pili, afu zikageuka, pale kwenye maungio wa pili anacheza mara mbili mfululizo. Mpira walijaribu mpangilio huo kwenye penalti mwaka 2017, mjomba wako anaukumbuka vizuri kwa sababu Arsenal waliwafunga Chelsea Ngao ya Jamii kwa penalti za namna hiyo, na wenye sheria wakauacha 2018 kwa sababu ulikuwa unachanganya. Kwenye penalti kupiga mbili mfululizo hakuui mtu. Kwenye kadi kunaua, majahazi yaliyo mezani yanapiga mara mbili na mwenzako hajajibu hata mara moja.

Nimekaa na karatasi nikajaribu. Ukimzuia yule anayecheza mara mbili asishambulie kwenye zamu yake ya kwanza ya pepo mpya, mwenzake anamaliza gemu akiwa na shambulio moja zaidi, umetoka kwenye deni moja umeingia jengine. Ukiwazuia wote wawili kwa mzunguko ule mmoja, majahazi yote yanageuza tanga, kadi mwaruhusiwa kutoa lakini hakuna kushambulia, hapo mashambulio yanabaki sawasawa na kila mtu amepata zamu ya kujipanga, na yule aliyekuwa wa pili sasa ndo anafika kwanza kwenye jahazi la 4, la 5, mpaka 8. Mimi nimeipenda hii. Na skrini ionyeshe tanga likigeuka waziwazi, mchezaji aone kwa macho zamu imehama, asije akadhani ameibiwa.

Kilichobaki ni deki ya kasi, manake ikimaliza gemu ndani ya kaskazi hiyo kusi haitafika kumuokoa mtu. Kwa hivo kaskazi ikateni iwe mizunguko miwili badala ya mitatu, mupime, na kama bado kuna pengo hapo ndo mumpe wa pili rupia moja ya kutumia mara moja atakapotaka. Rupia, sio kadi. Na musiifanye iwe kadi, iwe kitufe pembeni, musije mukapata shida ya Rogue.

Yule mwenzenu mwengine anayesema wote wacheze kwa pamoja kama Marvel Snap, mwambie hata Snap kadi zinafunuliwa kwa mpangilio, anayeongoza ndo anafunua kwanza, na watu wanashinda na kushindwa kwa mpangilio huo. Swali la nani kwanza halijaondoka kule, limehamishwa. Na gemu yenu nyinyi uzuri wake ni kumngoja mwenzako na kumsoma, hiyo musiitoe.

Najua utaona mamako amelivalia njuga jambo la gemu ya simu. Nimelivalia, kwa sababu ni kazi yako na kuna watoto watakaoicheza ambao hawatajua jina lako wala hawatakuwa na mahali pa kulalamika.

Basi nitumie hiyo ya kaskazi mizunguko miwili kabla hamjawapa watu wa nje, nitumie na lile jedwali la kila deki ikianza na isipoanza, hata kama halijakamilika. Na mutengeneze isiyohitaji intaneti wakati wote kama yawezekana, bando hapa zaisha haraka na watoto wanagombania simu yangu. Pesa ya kodi nimetuma jana, uniambie ikifika.

Mamako akupendaye,
Lamu