RISALA YA KLABU YA KISWAHILI YA WANAFUNZI WA BUYENZI KWA MGENI RASMI, KATIKA KUMBUKUMBU YA MWANAMFALME LOUIS RWAGASORE

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mkuu wa Zoni,
Bwana Mkurugenzi wa shule na walimu wetu,
Masheikh, mapadri na wachungaji mliohudhuria,
Wazee wetu wa Buyenzi na Bwiza,
Wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum. Amahoro.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitika mwito wetu. Tunajua wiki hii ya Oktoba mialiko ni mingi na magari ya wakubwa yote yanaelekea mlimani Vugizo, kwenye kaburi la Rwagasore. Wewe umekubali kuteremka huku bondeni, ukae nasi chini ya turubai lililoazimwa msikitini na kwenye viti vilivyoazimwa kanisani. Ahsante sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ina wanachama 34 wa darasa la saba hadi la tisa. Tunakutana kila Jumatano alasiri. Kiswahili tunafundishwa darasani pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, lakini sisi wa Buyenzi hatukukikuta darasani. Tumekikuta jikoni, tumekikuta soko la Ruvumera, na tumekikuta kwa mafundi magari wanaolala chini ya injini tangu asubuhi mpaka magharibi. Darasani tumefundishwa kukiandika tu, na hapo kwa kweli bado tunapata alama za chini.

Mwaka jana mwalimu wetu mlezi alitupa insha: "Andika unayoyajua juu ya Rwagasore." Aliporudisha madaftari hakusema nani amefaulu. Alituuliza tu: "Mbona wote 34 mmeandika jinsi alivyokufa?" Na ni kweli. Kila daftari lilikuwa na Hoteli Tanganyika, meza ya chakula cha usiku, kichaka, bunduki na tarehe 13 Oktoba 1961. Mmoja wetu alichora hata ile risasi. Hakuna aliyeandika mtu huyu alikuwa akifanya nini wiki moja kabla, wala mwaka mmoja kabla. Tunamjua kwa risasi, basi. Tangu siku ile klabu iliamua kumtafuta Rwagasore aliyekuwa hai, na risala hii ndiyo tuliyoyapata.

Louis Rwagasore alizaliwa Gitega mwaka 1932, mtoto wa kwanza wa Mwami, yaani mfalme wa Burundi, Mwambutsa wa Nne. Alisoma Astrida, ambayo leo ni Huye kule Rwanda, kisha akapelekwa Ubelgiji. Wengi walimwona kuwa ndiye mrithi. Ila mrithi kwa mila ya Burundi si jambo jepesi: wazee husema Mwami huzaliwa akiwa amefumbata mbegu mkononi, na ukoo wa kifalme wa Abaganwa ulikuwa na matawi yaliyotazamana kwa jicho la pembeni, Abezi kwa Abatare. Yeye, badala ya kukaa ikulu akisubiri kiti, alirudi nyumbani akafungua ushirika.

Hapo ndipo habari inapoingia mtaani kwetu, Mheshimiwa, na tunaomba utuvumilie tukikaa hapo kidogo.

Enzi hizo mji huu wa Bujumbura uliitwa Usumbura. Wabelgiji waliwaweka Waswahili katika mitaa ya peke yao, nje ya utawala wa kimila: watu waliotoka Kigoma, Ujiji, Kongo na kwingineko, pamoja na Warundi waliokuja kutafuta riziki wakasilimu. Wengi walikuwa wafanyabiashara wadogo wa samaki, vitambaa na chumvi. Kwa mkoloni walikuwa wageni, na hata kwa baadhi ya machifu vilimani walikuwa watu wasio na kwao. Mwaka 1957 mwana wa Mwami alikuja kukaa nao, wakaanzisha ushirika wa wafanyabiashara, ili Mwafrika anunue na kuuza bila kupitia kila mara kwenye duka la mgeni. Ushirika wenyewe ulikwama kwa fedha mapema, hilo hatulifichi. Lakini mtu akishakaa nawe mkapiga hesabu ya hasara pamoja, humsahau. Alipoingia katika UPRONA, chama kilichodai uhuru, na kuwa sura yake, Buyenzi ilikuwa tayari nyuma yake. Ng'ambo ya ziwa nako alikuwa na rafiki, Mwalimu Nyerere, na TANU iliisaidia UPRONA.

Wakoloni walijaribu kumzuia kwa kalamu kwanza. Mwaka 1960 ilitolewa amri kwamba ndugu wa karibu wa Mwami wasishike siasa, na kila mtu alijua amri ile ilishonwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Uchaguzi wa komine, yaani wa serikali za mitaa, wa mwaka huo ulimkuta amewekwa kizuizini Bururi. UPRONA ikashindwa. Tarehe 18 Septemba 1961, chini ya macho ya Umoja wa Mataifa, watu walipiga kura tena, na UPRONA ikachukua viti 58 kati ya 64. Katika ushindi ule alisema maneno ambayo Warundi wanayajua hadi leo: mtatupima kwa matendo yetu, na kuridhika kwenu ndiko kutakuwa fahari yetu.

Akawa Waziri Mkuu mwishoni mwa mwezi huo. Hakumaliza wiki tatu. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Ya kuuawa kwake hatutayarefusha, tumeshayaandika mara 34. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, na alinyongwa au kupigwa risasi? Hata hili tulibishana sana darasani, mwalimu akatukatiza akisema la muhimu ni kwamba aliuawa kwa hukumu tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru, akaondoka na mengi aliyoyajua. Januari 1963 wengine watano walinyongwa Gitega mbele ya umati, wakiwemo ndugu wawili wa ukoo wa Baranyanka, vigogo wa chama cha upinzani. Mkono wa maofisa wa Kibelgiji katika jambo hili bado unachimbuliwa na watafiti katika nyaraka za Brussels. Sisi tungependa siku moja nyaraka hizo zisomwe hapa, tena kwa lugha ambayo bibi zetu wataielewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulikwenda kwa wazee. Tulipita avenyu kwa avenyu tukiuliza nani alikuwepo. Wengi walikuwa watoto wadogo, wana vipande tu. Lakini kuna bibi mmoja, ambaye hataki jina lake lisomwe kwenye kipaza sauti, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alitueleza kwamba habari ilifika kwao usiku kwa mtu aliyekuja akikimbia bila viatu. Baba yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alikuwa anamalizia suruali ya mteja. Hakusema neno. Aliinua mguu kutoka kwenye pedali, akavua kile kidude cha chuma cha kidoleni, akakiweka juu ya cherehani, akakaa hivyo hivyo. Mama yake alikwenda jikoni akamwagia maji makaa. Ndagala waliokuwa sufuriani wakabaki nusu wabichi, na asubuhi hakuna aliyewala.

Kesho yake wanawake wa uani walitandika mikeka kama kwenye msiba wa mtu wao. Bibi anasema kuna jirani aliyeuliza, tunamkalia matanga mtu ambaye hatukumzaa, tena Mkristo? Mama yake akamjibu: "Aliyekula ugali wako ni wako." Walikaa siku tatu. Suruali ya yule mteja haikumalizika. Mwenyewe alipokuja kuichukua aliikuta ina mguu mmoja umepindwa na mwingine haujapindwa, akaichukua hivyo hivyo, hakudai.

Tuliandika maneno hayo kwa kalamu ya risasi kwa sababu hatukuwa na kitu cha kunasia sauti. Simu tuliyoazima iliisha chaji alipofika kwenye ndagala.

Warundi tuna neno kuganduka, siku ile wafiwa wanapokutana tena, wanavunja msiba na kurudi kwenye kazi zao. Kwa Rwagasore tunaona kama hatujaganduka. Kila tarehe 13 tunarudi palepale kwenye kaburi la Vugizo, mashada yanawekwa kwa mpangilio wa vyeo, hotuba zinasomwa, halafu tunashuka. Na mwezi huu wenyewe umebeba msiba mwingine: tarehe 21 tunamkumbuka Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa mwaka 1993, naye hakudumu madarakani. Mtoto wa Burundi akisikia neno Oktoba anasikia kengele ya kanisa.

Hapa tuna malalamiko madogo, tunaomba tuyaseme kwa adabu. Mwaka jana sisi wa klabu tulialikwa na ofisi moja kwenda mlimani. Tuliambiwa tufike saa kumi na mbili asubuhi tukiwa tumevaa sare, na kila mmoja ashike ua. Tulifika. Tulipangwa kando ya barabara, tukasimama mpaka saa saba mchana. Wawili walizirai kwa jua. Wakubwa walipita kwenye magari yenye vioo vyeusi, na zamu yetu haikufika. Maua tulirudi nayo, tukayaweka kwenye ndoo ya maji chooni mwa shule ili yasinyauke, na Jumatatu yalikuwa bado pale. Hatumlaumu mtu kwa jina. Tunasema tu kwamba tulikwenda kumkumbuka mtu aliyekuja kukaa na sisi, tukaishia kuangalia matairi.

Na ule uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa kwa jina lake, tangu 2019 unaitwa Intwari, yaani shujaa. Jina ni zuri. Ila wadogo zetu wanatuuliza, shujaa yupi? Tunalazimika kuanza hadithi upya, na pengine hilo si baya.

Familia yake pia ilitawanyika, na hili halisemwi sana siku ya mashada. Mkewe, Marie-Rose Ntamikevyo, alibaki mjane baada ya miaka miwili tu ya ndoa. Mdogo wake Charles, aliyetawazwa kuwa Ntare wa Tano, alipinduliwa mwaka 1966, na aliuawa Gitega mwaka 1972. Baba yao, Mwami Mwambutsa, alifia Uswisi mwaka 1977, na hata mifupa yake iligombewa mahakamani miaka mingi baadaye, irudi au isirudi. Haikurudi. Huyu aliyezikwa Vugizo, akiangalia ziwa, ndiye ambaye watu wa kawaida wanaweza kupanda wakamtembelea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala bila maombi haijawa risala, na wewe mwenyewe unalijua hilo, ndiyo maana tumekuona ukitabasamu.

Tunaomba kwanza kinasa sauti. Si kamera kubwa, ni kinasa sauti cha mkononi tu, na betri zake. Waliokuwa na akili ya kukumbuka mwaka 1961 leo wote wamepita miaka sabini. Tangu tuanze kazi hii tumewazika watatu, na mmoja wao tulikuwa tumepanga kumwona Jumatano iliyofuata. Kila tunapochelewa, anayebaki ni Rwagasore wa risasi.

Tunaomba pia utusemee huko juu, mwakani siku ya mashada pawepo na dakika chache ambapo mzee mmoja wa Buyenzi asimame aseme alichokiona, kwa Kiswahili chake, bila karatasi. Na wanafunzi watakaoalikwa wapewe maji ya kunywa.

Maktaba yetu ni kabati moja lisilo na mlango. Mkurugenzi amesema hilo atalishughulikia yeye, kwa hiyo tunalipita.

Tunawashukuru walimu wetu, mafundi wa avenyu ya jirani waliotutengenezea hiki kipaza sauti jana usiku bila malipo, na akina mama waliopika. Utakula nasi, Mheshimiwa. Kuna wali, maharage na mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga.

Zawadi hatuna ya kununua. Lakini yule bibi tuliyemtaja amekubali kuja, amekaa pale mstari wa pili, mwenye mtandio wa kijani. Amekuja na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo kuna kipande cha kanga, na ndani ya kanga kuna kadi ya chama ya baba yake. Sisi wenyewe tumeiona mara moja tu. Ametuagiza tukwambie kwamba utaitazama muda wote utakaopenda, lakini yeye ndiye atakayeishika.

Bibi, karibu mbele.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Kiswahili.