Peak na summit zisichanganywe, vijana wetu wafundishwe

Mhariri, pole na kazi. Naandika toka hapa Moshi, kuna jambo linanikera kila nikisoma vipeperushi vya utalii na hata madaftari ya vijana wanaosomea kuongoza wageni, maneno ya Kiingereza peak na summit yanatumika kama neno moja, kisa kwetu yote ni kilele.

Peak ni ncha, ile sehemu iliyochongoka, ndo maana mlima mmoja unaweza kuwa nazo kadhaa. Summit ni pale juu kabisa pasipo na pa kupanda tena. Sasa mtu anaandika Kilimanjaro ina summit tatu, zipi hizo? Kuna Kibo, Mawenzi na Shira, lakini juu kabisa ni mahali pamoja tu, Uhuru Peak pale Kibo, mita 5,895. Mawenzi inaishia 5,149 na ukiitazama toka mjini imechongoka kuliko Kibo, hiyo ni peak haswa, ila ukifika pale hujafika summit ya Kilimanjaro. Na Gilman's Point, mita 5,685, ni ukingoni mwa kreta, mgeni akiishia hapo cheti anapata lakini usimwambie kafika summit, akija kujua Uhuru ilikuwa bado mbele ataona umemdanganya.

Wagumu wetu, yaani wapagazi wa mlimani, wanasema usiku wa samiti, leo tunasamiti, na wako sawa kabisa, wapanda milima Wazungu nao wanaongea hivyo hivyo. Hatari iko kwenye peak, ukiifanya kitendo maana yake ni kufika juu halafu kuanza kuporomoka, kwa hiyo kijana akimwambia mgeni you peaked yesterday akidhani anampongeza, mwenzake anasikia ubora wako uliishia jana!

Msimu wa wageni wengi, Julai mpaka Septemba, ni peak season, summit season haipo. Na marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao makuu yake yako Arusha, mkutano wao ni summit, matumizi hayo yalivuma baada ya Churchill, yule mwanasiasa wa Uingereza, kulitumia neno hilo mwaka 1950 akitaka wakubwa wa dunia waongee, peak hapo haikai.

Naomba vyuo vya utalii vya Moshi na Arusha vitenge hata kipindi kimoja, tena wasifundishie kwenye kamusi, watoke nje asubuhi kabla mawingu hayajafunika mlima, mwalimu aonyeshe kwa kidole Mawenzi ni hii, Uhuru iko kule, kila mwanafunzi aeleze kwa Kiingereza mpaka akae sawa.

Msomaji wako, Moshi