Barua kwa mwanangu: siku 60 za mkwe

Marahaba mama. Voisi zako zote nne nimezisikiliza, ile ya mwisho nimeirudia mara tatu maana ulikuwa unalia na basi linapita nyuma yako, maneno sikuyashika. Nimeona nisikujibu kwa voisi, nikianza kuongea nitalia na mimi alafu bando likate katikati, bora niandike uje usome ukishatoka shifti, umekaa, umekunywa chai. Usisome kwenye korido ya wodi.

Kwanza niambie kama nimeelewa sawa. Kampuni ya kutunza wazee aliyokuwa anafanyia mkwe imenyang'anywa leseni ya kusponsa wageni, kosa ni la wenye kampuni, yeye hajafanya kitu, lakini barua imekuja kwake kwamba ana siku 60 apate sponsa mwingine, yaani mwajiri wa kumdhamini viza, au aondoke Uingereza. Na wewe wazo lako ni mkimbilie bomani ya huko, mfunge ndoa, umuingize kwenye viza yako ya unesi kama tegemezi. Sawa. Wazo lenyewe silikatai, mimi mkwe nimeshamuita mkwe kabla hata hajaleta barua ya posa, sasa nirudi nyuma niende wapi. Ila kuna mambo umeyachanganya na yale uliyoambiwa na yule mwenzio wa kwaya, na siku zinahesabika, basi sikiliza.

Mtoto wa mjomba wako alikuja na laptop yake, tumekaa mpaka saa sita usiku tunasoma tovuti ya serikali yao, yeye anatafsiri mimi naandika kwenye daftari la kikoba, kurasa za nyuma. Mjomba wako akapita akasema mnatafuta mkopo? Nikamwambia tunatafuta mkwe.

Ile pauni 29,000 kwa mwaka iliyokunyima usingizi haikuhusu. Hiyo ni ya Mwingereza, au mtu aliyeshapewa ukaazi wa kudumu, anayetaka kumleta mume au mke, waliipandisha Aprili 2024 kutoka 18,600. Na viza ya mchumba ni ya hao hao. Wewe huna pasi yao wala ukaazi wa kudumu, una viza ya kazi ya afya, na viza hiyo ina mlango wake wa wenza. Bahati yako ni kwamba wewe ni nesi. Mngekuwa wote wawili makea, yaani watunza wazee, ingekuwa habari nyingine, maana tangu tarehe 11 Machi 2024 kea mpya haruhusiwi kwenda na mwenza wala mtoto. Nesi anaruhusiwa. Kwa hiyo yeye asingeweza kukubeba wewe, ila wewe unaweza kumbeba yeye, na kwa kuwa ni viza ya afya ile ada kubwa ya hospitali hamtalipa, mtalipa ya maombi tu, kama pauni 300 na kidogo kwa viza isiyozidi miaka 3. Na yeye ameshakaa humo zaidi ya mwaka, hata ile akiba ya benki ya pauni 285 hawatamdai.

Sasa hapa ndo penye mwiba. Bila ndoa wanataka mahusiano ya miaka 2 yanayofanana na ndoa, yenye ushahidi. Ninyi mna mwaka mmoja na miezi mitatu, usiniambie mtaongeza kidogo, mwanangu nakujua, hata umri wa kuanza shule uliwadanganya walimu. Msidanganye hata siku moja. Kwa hiyo lazima ndoa. Na ndoa bomani kwao haifungwi leo kwa leo, mnakwenda wote wawili kutoa taarifa, mnatakiwa muwe mmeshakaa kwenye eneo hilo angalau siku 7, alafu mnasubiri siku 28. Na kwa kuwa wote ni wageni taarifa yenu inapelekwa Home Office, wizara yao ya mambo ya ndani, wakiona wanataka kuwachunguza, 28 zinakuwa 70. Piga hesabu mama. Barua yake leo ina siku 9. Zimebaki 51. Mkipata miadi wiki hii na wakawaachia na 28, mnafunga ndoa na siku zinabaki za kujaza fomu. Wakisema 70, siku 60 zinaisha mkiwa bado wachumba.

Kwa hiyo usikae unasubiri njia moja. Piga simu kesho asubuhi uombe miadi, na wakati huo huo yeye asiache kutafuta sponsa wake mwenyewe, tena atafute kama vile wewe haupo. Tangu Julai 2025 wamefunga kuleta makea wapya kutoka nje, na huko England mwenye nyumba ya wazee anatakiwa aanze kwanza na hawa walioachwa hewani na kampuni zao, ndo hao kina mkwe. Soko lipo upande wake. Kuna ofisi za kanda zinazowaunganisha na waajiri, ajiandikishe. Mkifanikiwa bomani, maombi yaingie kabla siku ya 60 haijaisha, yakishaingia anaruhusiwa kubaki akisubiri majibu, ila asije akasafiri hata kwa msiba, akitoka nje ya nchi maombi yamekufa. Na hiyo stori ya kutoka alafu arudi kwa viza ya matembezi wabadilishie hapo ndani, futa kabisa, haibadilishwi.

Ikishindikana aondoke siku ya 58 kwa heshima yake, na rekodi safi. Najua hapo umeshaanza kulia tena. Akiondoka hajapotea. Mtafunga ndoa kwingine, na ataomba viza akiwa nje kama mume wako, majibu yao kwa wanaoomba kutoka nje huwa kama wiki 3. Kwao Kerala, India, bomani wanataka taarifa ya siku 30 na mmoja wenu awe amekaa wilaya hiyo siku 30, yeye anaweza, wewe likizo huna. Huku kwetu ni siku 21, ambazo ndo hizo hizo Jumapili tatu za matangazo kanisani. Mhindi anapata viza yetu kwenye intaneti kwa dola 50. Mnafunga hapa Muheza, mchungaji anaandika cheti, kinasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa vyeti, wewe unakaa siku 10 unarudi kazini na cheti mkononi. Na machungwa yatakuwa msimu. Sisemi nakuvutia kwangu. Nasema tu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia, na baba yako usimwambie kama nimekuambia, ameshakuwa mzee mpole, jana alikuwa anamlisha paka kwa mkono.

Mwaka 1997 alipopata nafasi ya kusoma mji wa Reading, huko huko Uingereza, mimi nilikwenda kama mke wake. Pasi yangu ilikuwa na muhuri unaosema nipo hapo kwa sababu yeye yupo hapo. Nilikuwa nafanya usafi kwenye maofisi, natoka saa kumi alfajiri, baridi linakung'ata masikio, narudi saa tatu yeye ndo anaamka kwenda darasani. Hela ya kodi ilikuwa yangu. Lakini pasi zote mbili zilikuwa kwenye bahasha ya kaki, na bahasha ilikuwa kwenye briefkesi yake yenye namba. Siku moja tumegombana, wala siyo jambo kubwa, nilikuwa nimetuma pauni 40 kwa bibi yako bila kumwambia. Akaenda akafungua briefkesi, akarudi na ile bahasha, akaiweka mezani katikati ya sahani, akakaa. Hakunipiga, hakunitukana. Akasema, ongeza neno moja uone. Nikanyamaza. Nikamalizia kula wali umeshapoa. Na tangu siku ile kila nilipotaka kusema kitu naangalia kwanza ile meza.

Siku hizi hakuna muhuri wala kile kikadi, viza imo kwenye intaneti na kila mtu anafungua akaunti yake mwenyewe kwenye simu. Ila bahasha ipo mama, imebadilika umbo tu. Mkwe akiingia kwenye viza yako, siku yako ya mwisho ndo yake. Hospitali yako ikifanya mambo ya ajabu mnaanguka wote. Mkiachana yeye ndo anaondoka, wewe unabaki. Safari hii mwenye briefkesi ni wewe. Wewe mdomo wako naujua, umeurithi kwangu lakini hasira umetoa kwa baba yako. Siku mtakayogombana kuhusu vyombo au kuhusu mama yake, usije ukamgusia viza. Hata kwa utani. Hata akikuudhi kupita kiasi, mwambie mjinga, mwambie mvivu, hayo yanasameheka. Neno la viza likishatoka, mtu hasemi tena anachofikiri ndani ya nyumba yake, na utaishi na mgeni.

Ndo maana nasema aendelee kutafuta sponsa wake hata mkishafunga ndoa, kama akipata kazi nzuri ahamie kwenye viza yake mwenyewe, wewe usijisikie umekataliwa. Ila na huu utegemezi una raha yake, ataweza kufanya karibu kazi yoyote, bosi yeyote, isipokuwa uanamichezo wa kulipwa, na kwa jinsi ulivyonitumia ile video anacheza mpira na watoto wa jirani nadhani hapo hatujapoteza kitu.

Kuhusu huko mbele, umeuliza mtaishi wapi mkizeeka. Hapa sheria zetu zimenikera mpaka nikafunga daftari. Mwanaume wa Kitanzania akioa mgeni, mke anaweza kuomba uraia kwa ajili ya ndoa. Mwanamke wa Kitanzania akiolewa na mgeni, mume hana mlango huo. Mkwe akija kuishi Muheza ataishi kwa kibali cha ukaazi, na kufanya kazi ni kibali kingine juu yake. Kwao wamekuwa waungwana zaidi, ndoa ikishasajiliwa na kutimiza miaka 2 unaweza kuomba kadi yao ya OCI, unaingia na kukaa India bila viza, na kwa kuwa kadi hiyo siyo uraia hurudishi pasi yetu. Maana sisi na wao wote hatutaki uraia wa nchi mbili. Huko Uingereza ukaazi wa kudumu mlikuwa mnahesabu miaka 5, tangu Mei 2025 serikali yao imetangaza mpango wa kuifanya 10, kwa hiyo usimuahidi mtu tarehe. Na mkizaa huko kabla hamjapata ukaazi wa kudumu mtoto siyo Mwingereza, kuzaliwa tu hakutoshi tangu 1983. Atakuwa wetu kupitia kwako, au wa kwao wakimuandikisha ubalozini ndani ya mwaka mmoja, alafu kwetu akifika 18 anachagua. Hayo ni ya baadaye, nimeyaandika kwa sababu nilishayasoma na sikutaka karatasi ziende bure.

La haraka ni majina. Tulikuwa tunacheka na mtoto wa mjomba wako lakini siyo la kucheka. Cheti chako cha kuzaliwa kimeandikwa jina la babu kwa herufi moja pungufu, pasi ina herufi zote. Cheti cha shule kina majina mawili. Na mkwe kwa ile barua uliyonipigia picha, kazini wameandika herufi moja na nukta alafu jina, pasi yake ina jina refu mpaka linashuka mstari wa pili. Kijana mmoja hapa jirani maombi yake yalikaa miezi kwa ajili ya mambo kama hayo. Mimi Jumatatu nakwenda kwa wakili mjini kula kiapo cha jina lako, nitakitumia kwa DHL, wewe mwambie mkwe aanze na cha kwao. Na mtafute mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, siyo yule wa grupu la WhatsApp anayeandika "njoo inbox".

Kusanyeni ushahidi kuanzia leo, bili zenye majina yenu kwenye anwani moja, picha za zamani zenye tarehe, tiketi za treni za Leicester, zile meseji za mwanzo mwanzo kabla hamjaanza kuitana majina ya ajabu. Hizo za majina ya ajabu chagua vizuri, afisa wa watu naye ana wazazi.

Nitumie picha ya ukurasa wa pasi yake wenye jina, lionekane lote mpaka mstari wa pili. Mchungaji anataka liandikwe kwa usahihi kwenye kitabu cha matangazo, nimemwambia atuwekee nafasi ya akiba, hata kama haitatumika. Ameniuliza linatamkwaje nikamwambia subiri kwanza, na mimi najifunza.

Mama yako