Mkiandika riba ya Benki Kuu (CBK), andikeni na hisa zetu

Kwako Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, katibu wa chama cha kina mama 12 hapa Nakuru.

Kila CBK ikikaa kikao cha riba nyinyi mnaandika habari ya mikopo tu, loni zitapanda ama zitashuka, basi. Soko la hisa mnaliweka ukurasa mwingine kama vitu havijuani, na vinajuana sana! Disemba 2023 riba ilipandishwa hadi asilimia 12.5, Februari 2024 ikafika 13, na mwezi huo huo serikali ikauza bondi ya miundombinu, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, ya asilimia 18 na kitu, haikatwi ushuru, sasa mwenye pesa zake nyingi abaki kwa hisa akifanya nini, si anauza anakimbilia huko, na wawekezaji wa nje nao walishaanza kutoka tangu 2022 Marekani ilipoanza kupandisha riba yake. Wauzaji wengi wanunuzi hakuna, bei lazima ianguke hata kama kampuni yenyewe haijakosea kitu.

Sisi hatukujua hayo. Tulikaa kwa mweka hazina, daftari wazi mezani, chai imepoa, hisa za Safaricom tulizonunua zikiwa juu ya shilingi 30 wakati huo hazikufika 15, mwenzetu mmoja machozi yanamlenga maana alitegemea hizo kwa karo, na broka (wakala wa hisa) tuliyempigia simu akasema tu uzeni mapema. Tukauza zote.

Agosti 2024 CBK ikaanza kupunguza, kikao baada ya kikao, kufika Agosti 2025 riba ikawa 9.5, bondi za serikali hazikulipa tena vile, pesa zikarudi kwa hisa na Safaricom ikapita 25. Najua si riba peke yake, shilingi pia ilipata nguvu, lakini riba ilikuwa kubwa na hakuna aliyetuambia.

Naomba hivi, siku ya uamuzi wekeni pamoja riba mpya, bondi zinalipa ngapi, na mistari mitatu ya Kiswahili rahisi kuhusu hisa. Siku hizi kwa NSE, soko la hisa la Nairobi, mtu ananunua hata hisa moja, si lazima 100 kama zamani, kwa hivyo mama mboga na wa boda wanaweza kuingia leo na simu yao. Hawajui hata kikao kijacho ni lini. Wawekeeni tarehe mapema, mbele, pale wanapoona.

Katibu wa chama,
Nakuru