Injini yangu niliiharibu wakati wa kufungua

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Naona kila anayeongelea kufanya ovahoo ya injini nyumbani, yaani kuifungua yote na kuifunga upya, anakazania kufunga tu, mara taiming, mara gasketi mpya, utadhani kufungua ni kazi ya nyundo na misuli. Jamani hapana, mimi yangu niliiharibu nikiwa nafungua.

Ilikuwa injini ya silinda nne, inakula oili na moshi wa bluu juu, nikajua ringi za pistoni zimeisha. Nikamwaga oili na maji nikaishusha. Bolti za hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, nikaanza na iliyo karibu na mkono nikaitoa yote ndo nikahamia nyingine, kumbe zinalegezwa kidogo kidogo, za pembeni kwanza ndo unaingia katikati, kinyume na zinavyokazwa, la sivyo hedi inaweza kupinda. Nilipoilazia rula ya chuma, fila geji (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya 0.10 mm ikapita chini kiulaini, wakati injini nyingi hata 0.05 ndo mwisho. Ikaenda kuchongwa.

Hilo afadhali, kwenye konrodi, zile rodi zinazounganisha pistoni na krenki (shafti inayozunguka chini), ndo nilitaka kulia. Pistoni zote nne nikatoa, kepu, vile vipande vinavyobana rodi kwenye krenki, nikazitupia beseni moja na bolti zake, mtoto akaja akakoroga na kijiko maana zinalia vizuri eti. Siku ya kufunga nikavalisha tu, si zinafanana? Nikakaza kwa toku (nguvu ya kukazia) sahihi kabisa, krenki ikagoma, nimeshika spana mikono miwili haisogei hata nywele. Kufungua moja moja nakuta kepu ya 2 iko kwenye rodi ya 3. Kepu inachongwa ikiwa imefungwa kwenye rodi yake, kwahiyo tundu linakuwa duara zikiwa hizo mbili tu, na hata upande ukiigeuza imekula kwako. Namba zilikuwepo ubavuni muda wote, chini ya oili iliyoganda, sikupitisha hata kitambaa!

Siku hizi nina trei la mayai lenye namba, napiga picha kabla sijagusa kitu, na bolti za konrodi navalisha vipande vya mpira zisikwaruze krenki pistoni ikitoka. Sasa ombi langu, mkiandika tena habari za ovahoo anzieni hapo kwenye trei, toku wrenchi itasubiri.

Msomaji wenu, mwenye beseni